Gari likilala nyuma, tafuteni kwanza panapovuja

Mhariri,

Mafundi wenzangu wa Dodoma, mteja akileta gari la familia lenye springi za hewa (maputo ya mpira yanayobeba gari badala ya springi za chuma), limelala nyuma, msikimbilie kubadili urefu wa vifimbo vya sensa inayopima gari liko juu kiasi gani. Hapo mnaidanganya kompyuta tu: inaona gari liko chini, inaamuru pampu ijaze hewa. Kama puto limechanika, pampu haipumziki vya kutosha, inaweza kuungua, na bei yake si ya vitunguu. Pakeni povu la sabuni kwenye puto na maungio, mtaona panapovuja.

Wenye magari nao! Mkishavuka makorongo ya Mpwapwa, shusheni gari mliloliinua kwa hewa kabla ya kukimbia kwenye lami. Likiwa juu huyumba konani, hasa mkiwa na magunia ya karanga kwenye keria.

Fundi magari,
Majengo, Dodoma