Mwanangu, hiyo thrila yako anzia Mtoni

Mwanangu, huku wazima wote ila bibi yako na magoti yake tu. Nimeisoma ile hadithi uliyonirushia wasapu, yote, na simu yenyewe kioo kimepasuka. Ndugu wawili, urithi, siri ya marehemu baba, sawa, lakini huyo kaka mwenye wivu mbona mbaya tangu ukurasa wa kwanza? Msomaji keshamjua, sasa ataogopa nini tena.

We unahangaika na masirizi ya Kikorea wakati daladala ya Bububu inapita pale pale Mtoni yalipo magofu ya kasri la Seyyid Said, yule sultani wa Unguja. Mzee kafa baharini 1856 anarudi kutoka Oman, mwanawe Barghash yumo melini na maiti. Mwanawe mwingine, Majid, akatoka na chombo kwenda kuwalaki wakapishana gizani, kumbe mwenziwe kashashusha jeneza usiku kimyakimya, kamzika baba yao, anakimbilia ngome aiwahi! Ngomeni wakamkatalia, Majid akatawala. Hebu fikiria matanga ya nyumba ile, wanalia msiba mmoja huku wanaviziana.

Ila mimi anayenikosesha usingizi si hao, ni mdogo wao Salme. Watoto wa kike hawakufunzwa kuandika, yeye kajifunza kwa siri, ananakili aya za Qurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Sasa 1859 Barghash na dada yao Khole wanapika njama ya kumpindua Majid, barua nani ataandika? Binti wa kama miaka 15, ambaye utotoni alikaa nyumba ya huyohuyo Majid na wakipendana, basi tu Khole alimpenda zaidi akashindwa kumwambia hapana. Barghash alipozingirwa nyumbani kwake dada zake wakaingia kumwona wakatoka naye kajigubika nguo za kike, katikati ya wanawake, askari wanatazama tu. Mwisho alishindwa akapelekwa Bombay.

Na hapo ndo thrila inaanza maana Salme alipopatana na Majid, Khole akamgeukia, yule yule aliyemuingiza! Hakuna kisu wala sumu, ni kununiwa tu ndani ya familia moja, mpaka 1866 binti akatoroka kisiwani na mimba ya Mjerumani. Barghash akaja kuwa sultani 1870, na dada yake aliporudi 1885 na manowari za Kijerumani alikataa kabisa kuonana naye. Mkono uliomwandikia barua zake za hatari!

Kwa hiyo huyo kaka mtu mpunguzie ubaya, hadithi mpe yule mdogo anayependa watu wawili wasiopendana, yeye ndo ashike siri, tuone usiku analala vipi. Na zile ndoto ndoto za sura ya pili fyeka, zinachosha.

Halafu dadaako naye kaisoma, kaniuliza yule dada mchoyo wa kwenye hadithi ni nani, nikamwambia mi sijui, akuulize mwenyewe. Hajakupigia bado?

Mamaako