Shimbonyi! Krismasi njema kutoka mgombani

Shimbonyi ndugu zangu, heri ya Krismasi na mwaka mpya kwenu wote, mlioko Dar mnaogombania tiketi za basi, mlioko Arusha, na nyie wa Houston niliowaacha na baridi lenu. Mimi nishafika Marangu na mtori nishakunywa.

Jamani pamebadilika. Nimekuja na treni kutoka Dar, hii iliyorudi Desemba 2019, wakati naondoka reli ilikuwa imeota majani tu. Himo imekuwa mji. Kahawa ya babu, ile aliyokuwa anaipeleka chama cha ushirika KNCU, yote imeng'olewa kaka kapanda parachichi, kihamba nacho, shamba letu la ukoo, kishagawanywa, yaani pale tulipokuwa tunakatiza kwenda kwa shangazi pana ukuta na geti, unagonga unaulizwa nani. Theluji ya Kibo kule kileleni Kilimanjaro hata siisemi.

Ila kubwa ni hili la mzee kuoa. Mnajua tangu mama afariki sikutaka kulisikia, tukifika hapo kwenye simu mtandao unaanza kusumbua ghafla. Haya, mama mdogo ni Mnyiramba wa Singida, Kichaga anakibabaisha, wamama wa kanisani wanamcheka na yeye anacheka nao. Jana alfajiri natoka nje namkuta kwenye kaburi la mama, kashafagia majani yote ya migomba, anasugua vigae kwa brashi na sabuni ya unga, hajui kama nipo. Nikabeba ndoo nikamwongezea maji. Hatukuongea la maana, kaniuliza tu eti Marekani kuna kuku wa kienyeji.

Leo mezani kuna ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, supu ya kisusio, kiburu cha ndizi na maharage, na katikati bakuli la mlenda wa kwao Singida. Krismasi, Uchagani, mlenda! Wajomba wameguna weee, mzee yeye kala na ugali wake kimya na akaongeza. Nimeonja, mtamu, ila kiburu changu sijamwachia mtu.

Basi mnaokuja wahini, mbuzi mwingine anachinjwa tarehe 26, na mnajua kwetu nyama haikatwi hovyo kila kipande kina mwenyewe, mama mdogo naye cha kwake kipo, mzee kashatamka na wajomba wamekubali. Mkipita Himo beba vitunguu, mama anasema vimeisha.