Hades si shetani

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita, kwenye ukurasa wa watoto, gazeti lenu liliwashauri wazazi wawaonyeshe watoto filamu ya katuni ya Hercules wakati huu wa likizo. Filamu yenyewe sina ugomvi nayo. Ni ya Disney, ya mwaka 1997, na wajukuu zangu wameiangalia mpaka nyimbo zake wamezihifadhi. Ugomvi wangu ni sentensi yenu moja, ile iliyomtambulisha Hades kuwa ni "shetani wa Wagiriki". Mimi nimefanya kazi mochwari ya hospitali moja ya serikali mpaka nikastaafu, kwa hiyo neno hilo nimeshindwa kulinyamazia.

Hades, Zeus na Poseidon ni miungu wa Wagiriki wa kale, ndugu, watoto wa Cronus na Rhea. Walipompindua baba yao walipiga kura kugawana ulimwengu: Zeus akapata mbingu, Poseidon akapata bahari, Hades ikamwangukia nchi ya wafu. Hakuasi, hakufukuzwa popote, wala hazunguki mitaani kuwashawishi watu watende maovu. Anapokea anayeletwa na kuhakikisha haondoki, basi. Hata sisi, malaika anayetoa roho hatumwiti shetani, tunajua katumwa.

Kwenye filamu wamemchora na nywele za moto wa bluu, zinazogeuka nyekundu akipandwa na hasira, na sauti aliyompa James Woods inakwenda mbio kama dalali wa magari. Nakiri anachekesha. Lakini tazameni anachobebeshwa. Anataka kumpindua Zeus, kwa hiyo anawatuma vibwengo wake wawili, Pain na Panic, wakamwibe Hercules, mtoto mchanga wa Zeus, na kumnywesha dawa ya kumwondolea uungu. Baadaye vibwengo hao wanajigeuza nyoka ili wammalize, na mtoto anawakamata na kuwafunga fundo.

Nyoka wawili wamo kweli katika kisa cha kale, ila aliyewatuma si Hades. Ni Hera, mke wa Zeus. Mtoto yule Zeus alimzaa na Alcmene, mke wa mtu, baada ya kumwendea akiwa na sura ya mumewe, Amphitryon. Hera hakusamehe. Alimwandama Heracles, kama Wagiriki walivyomwita, tangu utotoni mpaka ukubwani, akamtia wazimu hata akawaua watoto wake mwenyewe aliozaa na Megara. Ndipo akapelekwa kumtumikia mfalme Eurystheus, akafanya zile kazi 12 ambazo filamu inazipitisha mbio mbio kwa wimbo. Huyo Megara ndiye Meg ambaye wajukuu zangu wanampenda kwa ulimi wake mkali.

Naelewa waongozaji, Ron Clements na John Musker, walivyobanwa. Filamu ya baba, mama na watoto kukaa pamoja haiwezi kuanza na mfalme wa miungu aliyezaa nje ya ndoa, sembuse shujaa anayeua wanawe. Wakamfanya Hera kuwa mama mzazi, mpole, anayetabasamu. Sasa dhambi zake zilitakiwa ziende kwa mtu, zikaenda kwa anayekaa na wafu, kwa sababu huyo hana wa kumtetea. Sisi wa mochwari hilo tunalifahamu. Saa ya marehemu ikipotea, hata kama ilipotelea wodini au kwenye machela njiani, wa kwanza kuulizwa ni sisi.

Kuna kibao huko kuzimu kwenye filamu kinachohesabu wafu kwa mabilioni, namba inapanda roho mpya ikiingia. Watoto walicheka. Mimi nilikumbuka daftari letu: jina, wodi, saa ya kupokelewa, nani kaleta, nani kachukua, sahihi. Jina tunaliandika tena kwenye plasta na kuibandika mwilini, maana daftari haliingii kwenye jokofu pamoja na mtu. Ndugu wakija asubuhi na sanda, hawataki kusikia habari za mabilioni. Wanataka wao mmoja, awe ndiye.

Kisa ambacho kingewafaa watoto filamu imekiacha. Kazi ya mwisho ya Heracles ilikuwa kumleta Cerberus, mbwa anayelinda lango la kuzimu. Katika masimulizi yaliyotufikia kwa jina la Apollodorus, Heracles alishuka mpaka kwa Hades na kumwomba huyo mbwa. Hades hakumfukuza. Alimwambia mchukue, ukiweza kumshinda bila silaha ulizobeba. Heracles akiwa amejifunika ngozi ya simba akamkaba mbwa shingo, akavumilia kuumwa, mnyama akasalimu amri. Akapandishwa juu, akaonyeshwa kwa Eurystheus, kisha akarudishwa kwa mwenyewe. Ombi limeletwa, sharti limetolewa, mali imerudi. Kazini kwetu hiyo tungeiita taratibu. Mwimbaji Orpheus naye alipokwenda kuzimu kumfuata marehemu mkewe Eurydice alikubaliwa kwa sharti la kutogeuka nyuma, na aliyegeuka ni yeye.

Simfanyi kuwa malaika. Alimteka Persephone, binti wa Demeter, na hata kama Zeus alikuwa ameridhia, yule binti hakuulizwa. Hilo sina la kulitetea. Tena Homer, mshairi wa kale wa Wagiriki, anasema Heracles aliwahi kumchoma Hades kwa mshale, kwa hiyo si kwamba wawili hao walikuwa marafiki.

Mwisho wa filamu, kwa upande wangu, ndio bora kuliko vyote. Hercules anajitosa kwenye mto wa roho kumtoa Meg, akiwa tayari abaki yeye, na kadiri anavyoogelea anazeeka, ngozi inakunjamana. Hilo linanikumbusha tamthilia ya Euripides iliyoonyeshwa Athens mwaka 438 kabla ya Kristo, ambamo Heracles anamrudisha Alcestis kwa mumewe baada ya kupigana mieleka na Kifo penye kaburi. Ila huko anayepigwa mweleka ni Thanatos, yaani Kifo mwenyewe, si Hades, na hakuja kwa hila. Alikuja kuchukua mtu ambaye mwenyewe alikubali kufa badala ya mume wake.

Ninaomba sentensi ile irekebishwe toleo lijalo. Na ukurasa wa watoto ukipata nafasi, wasimulieni cha Cerberus. Watoto wanapenda mbwa, na huyu ana vichwa vitatu.

Mhudumu Mstaafu,
Ngamiani, Tanga