Mmeidhulumu panki

Mhariri,

Nimesoma gazeti lenu tangu ujana wangu na sijawahi kuwaandikia hata mstari. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Ni ile makala ya Jumapili iliyopita kuhusu panki (punk), muziki wa gitaa wa kelele na kasi ulioshika vijana wa Uingereza miaka ya sabini, yenye picha ya kijana wa London aliyesimamisha nywele. Mwandishi wenu anasema ulikuwa uhuni wa watoto wa Kizungu walioshiba, ukaja ukapita.

Walioshiba wapi? Uingereza ya 1976 ilikwenda kukopa Shirika la Fedha la Kimataifa, na vijana walikuwa wakimaliza shule hawaoni kazi. Na kama ulipita, mbona Desemba 2011 polisi wa Aceh, Indonesia, waliwakamata vijana zaidi ya 60 kwenye tamasha la panki wakawanyoa vichwa?

Lililoniuma zaidi limetokea nyumbani kwa dada yangu. Mpwa wangu anapiga gitaa na wenzake wawili, nyimbo za kelele na za kasi, wanaimba juu ya kodi ya nyumba na vijana wasio na ajira. Shemeji aliisoma makala yenu kwa sauti mezani, akasema hata gazeti linakiri kuwa huo ni upuuzi usiomhusu Mwafrika, akalifungia gitaa stoo. Usiomhusu! Detroit, Marekani, ndugu watatu Weusi wa familia ya Hackney walirekodi mtindo huu mwaka 1975 kwa jina la Death, kabla Sex Pistols, bendi maarufu ya panki ya London, hawajatoa santuri hata moja. Bendi ya Bad Brains ya Washington ni Weusi. Poly Styrene, mwimbaji wa bendi ya X-Ray Spex ya London, baba yake alikuwa Msomali. Kwenye ukumbi wa Roxy, London, mpiga santuri alikuwa Don Letts, mtoto wa wahamiaji wa Jamaika. Santuri za panki zilikuwa bado chache mno, akawapigia rege, na bendi ya panki ya The Clash wakarekodi wimbo wa Junior Murvin, mwimbaji wa rege wa Jamaika. Aprili 1978 Clash, X-Ray Spex na bendi ya rege ya Steel Pulse walipanda jukwaa moja Victoria Park, London, mbele ya maelfu ya watu kuwapinga National Front, chama cha wabaguzi waliotaka wahamiaji wafukuzwe. Na Afrika Kusini, National Wake walichanganya Weusi na Weupe katika bendi moja, wakati sheria za makaburu zilikataza hata kuishi mtaa mmoja. Hayo yote hayakupata hata sentensi moja, ila pini walizojipambia vijana wa panki zimepata aya nzima.

Halafu kuna redio zetu. Huyo mpwa wangu alipeleka wimbo kituo kimoja, mtangazaji akataka kitu kidogo kwanza. Watoto wataingilia wapi? Buzzcocks, bendi ya panki ya Manchester, hawakumngoja mtu: walikopa paundi 500 kwa ndugu na marafiki, wakajichapia nakala 1,000 za santuri yao na kuziuza wenyewe, Januari 1977. Bendi nyingi zikafuata nyayo zao, na huo ndio urithi ambao kijana wa hapa angefaidika kuusoma.

Naomba basi ule ukurasa wa nyota za wiki mwupumzishe kwa Jumapili nne. Nafasi hiyo mpeni mtu aliyezisikiliza hizo santuri, aanze na Death, wiki ya pili Poly Styrene, ya tatu National Wake, ya nne bendi zinazojirekodia vyumbani mwao hapa nchini. Na toleo la kwanza mnitumie nakala mbili, moja nimpelekee shemeji.

Msomaji wenu,
Tanga