Kocho, tuktuk itauzwa Ijumaa

Mtopanga, Jumapili usiku

Kocho ndugu yangu,

Asalaam aleikum. Sisi huku wazima, mama mzima, joto ni lile lile ulilolikimbia, na bei ya unga usiniulize. Najua ni miezi minane sijakuandikia, na la mwisho nililokutumia ni picha ya changu wa kukaanga bila hata salamu. Utanitukana baadaye. Sasa hivi nina shida, na shida yenyewe imebakisha siku tano.

Shemeji anauza tuktuk. Ile nyekundu, iliyokubeba wewe na masanduku yako kwenda uwanja wa ndege. Mnunuzi ameshapatikana, ni yule bwana wa maji ya mitungi, na Ijumaa wakitoka kuswali wanaandikiana. Pesa haziendi kwenye deni wala kwenye paa linalovuja. Shilingi laki mbili na nusu zinaenda kwa mtu mmoja anayejiita wakala, ambaye ameahidi kumpeleka mpwa wangu huko huko Sweden kwako kufanya majaribio ya mpira.

Unamkumbuka huyu kijana? Ulimwacha anaburuta magari ya makopo barazani. Sasa ananipita kwa kichwa, ana miaka 16 na anacheza namba sita. Anacheza vizuri, Kocho, simsifu kwa kuwa ni damu yangu. Anakaba, anapokonya, anatoa pasi fupi anarudi mahali pake. Hana mbwembwe. Pale Mbaraki mwezi uliopita alimzima kiungo mmoja mtu mzima mpaka yule akaanza kumtukania mama, na mama mwenyewe, dada yangu, yuko pale pale mstari wa pembeni na mwavuli wake. Hiyo hadithi nitakupa siku nyingine, mwavuli ulivunjika.

Shida yangu ni kwamba kila nikifungua mdomo kumwambia shemeji asiuze, ananijibu kwa neno moja. Mariga.

“Mariga alianzia wapi? Si Sweden?” Ndivyo anavyoniambia, mikono kiunoni. “Tena kwenye kijiklabu cha mji mdogo. Mbona alifika Inter Milan?” Na kwa hilo la kijiklabu hakukosea. Enköping, mji ule ambao ulinieleza treni yako ya Stockholm hupita, ndiko McDonald Mariga, kiungo wetu wa Kenya, alikoshukia mwaka 2005. Ukanicheka niliposema ukipita utoe heshima. Lakini shemeji anaruka jambo. Mariga amezaliwa Aprili 1987, kwa hiyo mwaka ule ndio aliotimiza miaka 18. Na hakutoka mtaani moja kwa moja akapanda ndege, alikuwa ameshaonekana kwenye ligi ya Kenya anapigwa viwiko na wanaume wenye watoto. Baba yake, mzee Noah, aliichezea AFC Leopards, Ingwe yako hiyo. Nyumba nzima ilikuwa ya mpira.

Nimesoma kanuni za FIFA, mimi niliyefeli hata mtihani wa leseni ya bodaboda. Mchezaji wa chini ya miaka 18 hahamishwi nchi hadi nchi. Kuna vijinjia vichache: wazazi wawe wamehamia huko kwa shughuli zao zisizohusu mpira, au iwe ni mambo ya ndani ya Ulaya, au mtoto awe anaishi mpakani kabisa. Shemeji haendi Sweden, na Mtopanga haipakani na Sweden. Kwa hiyo hata wakimpenda, wamsajili vipi? Nikamuuliza wakala kwa simu. Akasema hayo ni mambo ya karatasi. Nikamuuliza leseni yake, maana siku hizi mawakala wanafanya mtihani wa FIFA na majina yao unayaona kwenye mtandao. Akaniuliza mimi ni nani kwa mtoto. Nikamwambia mjomba. Akasema anazungumza na baba tu. Simu tii.

Jina lake nimelitafuta kwenye orodha usiku kucha. Halimo. Shemeji anasema labda wameliandika vibaya.

Sasa nikwambie kinachoninyima usingizi zaidi. Hilo neno Mariga, shemeji hakulitoa hewani. Mimi ndiye niliyelitia nyumbani mule. Tangu mtoto ana miaka sita, kila jioni umeme ukikatika, hadithi ilikuwa moja. Jumatano tarehe 28 Aprili 2010, Camp Nou, nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya. Inter walishinda tatu kwa moja kwao, sasa wamekwenda kwa Barcelona kulinda. Thiago Motta anatolewa kwa kadi nyekundu dakika ya 28. Kumi kwa kumi na moja, na Eto'o, mfungaji, amegeuzwa beki anakimbizana na watu pembeni. Dakika ya 84 Piqué anafunga. Bao moja tena na Inter wametoka. Ndipo dakika ya 86 Mourinho anageuka kwenye benchi, anamtoa Eto'o na kumwingiza kijana wa Muthurwa, Mariga mwenyewe.

Mtoto alikuwa ananishika mkono hapo. “Ulimwona mjomba?” Nilimwona, nasema. Alivuta soksi, akagusa nyasi, akaingia.

Wewe unajua, Kocho. Wewe peke yako unajua kwamba sikumwona. Piqué alipofunga nilitoka nje ya banda la kuonyeshea mpira la Babu Kipara, shilingi 30 zangu za kiingilio nikaziacha humo, nikakaa juu ya kreti la soda karibu na choo nikiziba masikio, kwa sababu moyo ulikuwa unataka kutoka. Nilisikia kelele, nikadhani la pili limeingia. Kumbe Bojan kafunga kweli, ila refa kakataa, Yaya Touré kaunawa. Wewe ndiye uliyekuja kuniambia Mariga yumo. Nikakimbia ndani, nikakuta maji ya uwanjani yamewashwa na Mourinho anakimbia na kidole juu. Soksi na nyasi nilizitunga mwenyewe. Na ndiyo maana hukunilipa viazi karai vyangu vya dau letu mpaka leo. Ulisema hukumwona akiingia, kwa hiyo hakuingia.

Mtoto amekua na soksi zile. Kabla ya kila mechi anazivuta, anagusa nyasi. Ukimwona utalia au utacheka, mimi nafanya vyote viwili.

Na fainali je? Mei 22, Bernabéu, Milito mawili, Bayern sifuri. Mariga benchi dakika zote 90. Medali anayo, Mkenya wa kwanza, hakuna wa kumnyang'anya, na mimi nililia kama mtu aliyepata mtoto. Lakini hata hiyo benchi sikumhadithia kijana. Nilimpa medali nikakata picha hapo, kama mwenye banda anayeogopa mafuta ya jenereta yataisha. Sikumwambia kwamba Januari 2007 Portsmouth walimtaka, Uingereza ikamnyima kibali cha kazi. Januari 2010 Manchester City wakamtaka, kibali kikakwama tena, na sababu si miguu yake bali ni nafasi ya Kenya kwenye orodha ya FIFA. Yaani mtu analipishwa kwa kushindwa kwa nchi nzima! Mpaka Raila, alipokuwa Waziri Mkuu, akajitosa kumsemea. Siku zile zile dirisha likikaribia kufungwa ndipo Inter wakamchukua. Bahati ya namna hiyo haiuziwi tuktuk.

Na baada ya medali? Hiyo ndiyo sehemu ambayo mtaani hakuna anayeijua, wala mimi sikuijua mpaka wiki hii nilipoanza kuchimba nipate silaha ya kumpiga nayo shemeji. Mkopo Real Sociedad. Mkopo kurudi Parma, klabu yake ya kabla ya Inter. Goti likamgeuka huko, jeraha lile la kano, akakaa nje muda mrefu. Inter wakamwacha mwaka 2014. Akarudi tena Parma, nayo Parma ikafilisika 2015, wachezaji wamekaa miezi bila mshahara, klabu iliyowahi kubeba makombe ya Ulaya ikatupwa daraja la nne. Akaenda Latina, na Latina nayo ikafilisika 2017. Oviedo, Hispania, daraja la pili. Mwisho Cuneo, daraja la tatu Italia, 2019, halafu basi. Ana miaka 32. Umeona? Miaka tisa ya kushuka ngazi baada ya dakika zile nne ambazo sikuziona.

Simdharau, usinielewe vibaya. Mimi namheshimu zaidi sasa. Mtu ana medali ile kabatini halafu anaamka asubuhi kwenda mazoezini Cuneo, goti limefungwa bendeji, huyo ni mwanamume. Ile ya kugombea ubunge wa Kibra mwaka huo huo wa 2019 tulimcheka sana, unakumbuka, kura 11,230 na Imran Okoth 24,636, lakini ni wanasiasa wangapi wa kwetu umewaona wakimpigia simu aliyewashinda kumpongeza kabla hata ya kutangazwa? Desemba 2024 akachaguliwa makamu wa rais wa shirikisho la soka la Kenya. Natamani nimpate dakika tano tu amwambie shemeji yangu mwenyewe. Nimefikiria hata kwenda Nairobi kusimama getini. Usicheke.

Lakini shemeji si mjinga, ana jibu. Ananiambia, na Victor Wanyama, mdogo wake Mariga, je? Victor si alikwenda Helsingborg 2007 na miaka 16 hiyo hiyo? Hapo alinifunga mdomo siku mbili nzima. Nikarudi nikasoma. Kocho, Victor alimfuata kaka yake! Mariga yuko pale, ameshabeba Kombe la Sweden 2006 timu moja na Henrik Larsson, ana nyumba, anajua basi linasimama wapi. Na Mariga alipohamia Italia, mtoto hakukaa, alirudi Nairobi. Victor yule yule wa Celtic, aliyekuja kuwapiga Barcelona bao la kichwa Novemba 2012, yule aliyecheza Southampton na Tottenham, alishindwa kukaa baridi ile bila kaka yake. Ndipo akaanza upya Ubelgiji.

Kwa hiyo nikamuuliza shemeji, huyu wako akishuka kule, anapokewa na nani? Akafikiri kidogo. Akasema, “Si yupo Kocho?”

Basi ndiyo hivyo. Ndiyo maana naandika saa saba ya usiku. Umeshatiwa kwenye mpango bila kuulizwa.

Nakutumia picha ya barua ya mwaliko. Itazame vizuri. Klabu inasemekana ni ya daraja la chini, na ramani ya simu inasema ni mwendo wa saa mbili kutoka Västerås kwako. Nembo imekaa upande kama kofia ya mlevi, na barua pepe ni ya aina ile ambayo hata mimi ninayo ya bure. Tarehe ya majaribio ni katikati ya Januari. Sijui mpira wenu wa huko, lakini uliniambia Januari mnapasua barafu kwa koleo mlangoni, sasa hayo majaribio ni ya kuteleza?

Ninalokuomba ni dogo. Wapigie simu hao watu wa klabu, Kiswidi chako hicho cha kuagizia kahawa kitatosha. Uliza kama wanamjua huyu wakala, kama wametoa barua hii, kama wanachukua mtoto wa miaka 16 kutoka Kenya. Ukipata jibu, usiniandikie mimi. Mpigie shemeji mwenyewe, kwa sauti, umwite kaka kama zamani. Mimi ameshaniweka kwenye kundi la wenye husuda. Juzi alisema mbele ya watu, tena Mwalimu Bando akiwepo, kwamba sikufika popote kwa mpira ndiyo sababu nataka mwanawe asifike. Liliniingia. Labda lina ukweli kidogo, sijui, tuliache.

Dada yuko kimya. Unamjua akinyamaza. Jana nilimkuta anaiosha tuktuk, ndani na nje, hajawahi kuiosha maisha yake. Sikumuuliza.

Kijana naye nilimwita pembeni, nikaanza kumsimulia Latina na Cuneo. Alisikiliza kwa adabu, macho chini. Halafu akaniambia, “Lakini mjomba, dakika ya 86 aliitwa.” Ningemjibu nini? Nilikuwa nimefungua mdomo nimwambie habari ya kreti la soda. Nikaufunga.

Sasa nijibu haya. Unaweza kupiga hiyo simu kabla ya Alhamisi? Je, kama barua ni ya kweli, na kijana asubiri miaka miwili atimize 18, ungekubali awe kwako mwezi mmoja wa mwanzo? Mkeo atasemaje? Huko kuna vijana wa Kiafrika walioachwa na mawakala, uliwahi kunitajia mmoja aliyekuwa akilala stesheni, yeye aliishia wapi? Anaweza kumwandikia shemeji maneno mawili? Na je, nimwambie mtoto ukweli wa ile dakika, au niache kwanza tuktuk ipone? Unaonaje? Ungekuwa wewe?

Jibu hata kwa sauti, usiku wowote, silali.

Wako,
Namba Sita wa Zamani

Tena: viazi karai sasa ni shilingi mia kwa sahani ndogo. Riba nitaihesabu mwenyewe.