Tuliokoma hedhi tusiambiwe tukae

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nitoe lililonikaa kooni tangu niliposoma makala yenu ya afya kuhusu ukomo wa hedhi. Mambo ya joto la ghafla na kukosa usingizi mliyaeleza vizuri, hapo sina ugomvi. Ugomvi wangu uko kwenye aya ya mwisho, pale mlipotushauri tupunguze kazi nzito na tupumzike zaidi. Halafu na ile picha ya mama kajilaza kwenye kochi anajipepea!

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 53. Kitaalamu huhesabiwi kuwa umekoma mpaka ipite miezi 12 mfululizo bila kuona damu. Mimi nilifika mwezi wa tisa ikarudi kwa siku mbili, nikaanza kuhesabu upya kama mtu aliyefumua mshono. Hayo niliyavumilia. Kilichonitisha ni kingine.

Siku hiyo bobini ilinidondoka ikabingirika chini ya meza. Nikapiga magoti, nikapapasa, nikaipata, kuinuka sasa ikawa kazi. Hapakuwa na maumivu yoyote, miguu tu haikuwa na nguvu ya kuninyanyua. Nikakamata mguu wa meza nikajivuta mpaka kitini, kisha nikajifanya natunga uzi, maana mteja alikuwa amesimama mlangoni ananitazama. Uzi haukuingia kwenye sindano. Mikono ilikuwa inatetemeka.

Mtu wa kwanza niliyemweleza hospitalini alinijibu bila kuinua macho: "Ni umri tu, mama." Wa pili, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alinikalisha kwenye kiti akaniambia nisimame bila kushika popote, nikae, nisimame tena. Nilikwenda mara nne, ya tano nikashindwa. Ndipo akanieleza kwamba homoni ya estrojeni ndiyo iliyokuwa ikizizuia chembe zinazobomoa mifupa zisizidi kasi. Hedhi inapokoma homoni hiyo hushuka, ubomoaji unaupita ujenzi, na miaka ya mwanzo ndiyo mibaya: wapo wanaopoteza sehemu moja ya kumi ya mifupa yao ndani ya miaka mitano. Misuli nayo ilikwisha kuanza kupungua kidogo kidogo tangu nikiwa na miaka thelathini na kitu, na mimi maisha yangu yote ni kukaa kwenye stuli. Sasa mtu wa namna hiyo ukimwambia apumzike zaidi, unamsaidia nini?

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, halikusema tutembee tu. Lilitaka pia mazoezi ya kutia misuli nguvu angalau siku mbili kwa wiki. Kutembea tunakukumbuka sote, hizo siku mbili ndizo zinazosahaulika. Australia nako watafiti waliwagawa wanawake 101 waliokoma hedhi, ambao mifupa yao ilikwisha kupungua, katika makundi mawili. Kundi moja lilinyanyua vyuma vizito kwa nusu saa mara mbili kwa wiki, likiwa na msimamizi, na jingine lilifanya mazoezi mepesi nyumbani. Baada ya miezi minane mifupa ya uti wa mgongo kiunoni, kwa wale wa vyuma, ilikuwa imeongezeka, ya wenzao imepungua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018, si habari ya jana.

Mimi nilianza na kile kiti. Mara nne zikawa sita, zikawa kumi, kisha nikawa nasimama huku nimekumbatia jora la kitambaa kifuani. Nilipozoea, nikakigeukia kichwa cha cherehani yangu ya zamani, chuma kitupu, ambacho miaka yote nilikuwa namwita kijana anayejifunza kwangu aje anibebee. Binti yangu alinikuta nimeinama juu yake akapiga kelele, "Mama, utajivunja mgongo!" Nikamwonyesha nilivyofundishwa: unasukuma makalio nyuma, mgongo unaunyoosha, mzigo unauweka karibu na mwili, pumzi unaitoa unapoinua. Usijifunze hili peke yako. Na kama umewahi kuvunjika mfupa kwa kuanguka kidogo tu, muone daktari kabla ya kushika chochote kizito.

Sidanganyi kwamba mazoezi yameniondolea kila kitu. Joto bado linanijia, tena hupenda kunivamia katikati ya pindo, nikaacha nguo nikasimama mlangoni. Kwa hilo dawa za homoni zipo, na mifupa nayo huilinda, lakini hizo ni za kuzungumza na daktari wako, kwani hazimfai kila mtu. Mkojo ulikuwa ukiniponyoka nikipiga chafya. Zoezi la kukaza misuli ya nyonga, kama mtu anayezuia mkojo, limenisaidia baada ya miezi kama mitatu. Hili nalo makala haikuligusa, nadhani mwandishi aliona haya. Wala haikusema kwamba damu ikionekana baada ya ile miezi 12, hata tone, ni kwenda hospitali bila kungoja.

Ombi langu, Mhariri, mrudie mada hii, na ile aya ya mwisho muifumue yote. Picha ya kochi nayo muiondoe. Mkikosa ya kuweka mahali pake, mpigapicha wenu aje kwangu, kichwa cha cherehani nitakiinua mara kumi mbele yake. Ila aje kabla ya Ijumaa, siku hiyo wateja wanafuata nguo zao na sitakuwa na muda wa kupiga picha.

Wako,
Fundi cherehani