Wasichana wa darasa la saba wahesabiwe kabla ya Januari

Ndugu Mhariri,

Kila ikifika Oktoba 11, Siku ya Mtoto wa Kike Duniani, husimikwa mahema, wanafunzi wakavalishwa fulana, na kila anayeshika kipaza sauti akamtaja Malala Yousafzai, binti wa bonde la Swat, Pakistani, aliyepigwa risasi ndani ya gari la shule Oktoba 9, 2012 kwa kudai wasichana wasome. Anastahili kutajwa. Lakini siku hiyo hiyo, mabinti wa Tanga waliofanya mtihani wa darasa la saba Septemba wako nyumbani, na hakuna mwalimu anayewaita majina asubuhi. Hapo ndipo wanapopotea. Kwa vijana wanaharakati wanaotaka kazi ya kufanya baada ya hotuba, kazi ni hii.

Sheria ipo na ina meno. Kifungu cha 60A cha Sheria ya Elimu, kilichoingizwa mwaka 2016, kinampa miaka 30 jela anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari. Anayesaidia ndoa hiyo ifungwe ana faini isiyopungua shilingi milioni tano, au miaka mitano gerezani, au vyote viwili. Mshenga yumo humo, na kilemba chake.

Mwanya uko hapa: kifungu kinamlinda aliyeko masomoni. Binti akifeli la saba, familia inahesabu kwamba si mwanafunzi tena, na Sheria ya Ndoa ya 1971, vifungu vya 13 na 17, ilimruhusu wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Mwanaharakati wa haki za wasichana, Rebeca Gyumi, alivipinga vifungu hivyo Mahakama Kuu akashinda Julai 8, 2016; Serikali ikakata rufaa, ikagonga mwamba Oktoba 23, 2019. Mahakama Kuu ilitoa mwaka mmoja virekebishwe. Mwaka huo umepita zamani, na wapo wazazi ambao kalenda yao bado ni ya 1971.

Ndiyo maana wengine humwambia binti ajifelishe. Asilibe ovyo, yaani atie weusi kwenye herufi za majibu bila kufikiri. Maswali mengi ni ya kuchagua herufi, na mtoto akisiliba C kutoka juu hadi chini, msimamizi hana la kumuuliza. Njia ya kumnasa anayemshauri ni moko, yaani mtihani wa utamilifu, ule wa kujipima kabla ya mtihani wa taifa. Mwalimu wa darasa abaki na matokeo yake, na matokeo ya Baraza la Mitihani yakitoka ayaweke pembeni yake. Binti aliyekuwa na B akaanguka hadi E, nyumbani kwao pakatembelewe wiki hiyo hiyo. Ukingoja Januari utakuta turubai limeshakunjwa na masufuria ya pilau yamerudishwa.

Matembezi yenyewe yana adabu zake. Usiende na kamera wala fulana yenye maandishi. Nenda na mtu mzima wa mtaa, na usiulize "mnamwoza?" kwa sababu jibu ni "hapana" siku zote. Uliza sare imeshonwa wapi, madaftari mangapi yamenunuliwa, nani atampeleka siku ya kuripoti. Nyumba isiyo na mpango wa shule haina majibu ya maswali hayo matatu. Na usimhoji binti mbele ya shangazi.

Kwa waliofaulu, tatizo linabadilika sura. Binti amechaguliwa, jina liko ubaoni, mzazi anasema "amehamia kwa baba yake mdogo Dar es Salaam". Huenda ni kweli. Huenda pia amepandishwa basi pale stendi ya Kange kwenda kufanya kazi za ndani. Hakuna haja ya kubishana: kila mwanafunzi ana namba ya PReM, mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wanafunzi, na uhamisho hupita kwenye mfumo huo. Mkuu wa shule aulizwe kama shule ya huko imempokea. Uhamisho usiopokelewa upande wa pili ni mtoto asiye na shule.

Tunalolilalamikia zaidi ni neno "mtoro". Binti ameozwa au ana mimba, rejista inaandikwa mtoro. Kifungu kile kile cha 60A kinamtaka mkuu wa shule apeleke kila robo mwaka taarifa ya ndoa, mimba na hatua zilizochukuliwa. Akiandika utoro, taarifa inakwenda safi na mwoaji analala usingizi. Anayeumia ni binti, mara mbili. Waraka wa elimu wa Novemba 2021 ulifungua mlango kwa walioacha shule, wakiwemo waliojifungua, na mwongozo uliofuata ukatoa miaka miwili ya kurudi. Miaka hiyo huhesabiwa tangu alipoacha, kwa hiyo sababu na tarehe vikiandikwa kiholela, mlango unafungwa kwa kalamu ya mwalimu. Muda ukimpita, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina njia mbadala. Aulizwe afisa elimu ya watu wazima wa wilaya.

Ukisikia ndoa inapangwa, piga 116, namba ya huduma kwa mtoto, ni bure. Kama siku imeshatajwa, nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi ukiwa na jina la binti, shule yake na tarehe ya ndoa. Taarifa ya "kuna mtoto anaozwa huko Duga" haina pa kuanzia.

Ombi letu kwa maofisa elimu wa kata ni dogo: Ijumaa ya pili tangu shule zifunguliwe, orodha ya waliochaguliwa kidato cha kwanza na ya walioripoti ziwekwe meza moja, zipigiwe mstari jina kwa jina. Majina yatakayobaki bila mstari apewe mtendaji wa mtaa siku hiyo hiyo, kabla hajafunga ofisi.

Walimu wastaafu,
Makorora, Tanga